Neno Moja la Pauni 200,000

Kuna kilio cha mtoto mchanga ambacho mzazi hakisahau. Huanza jioni, wiki chache tu baada ya kuzaliwa. Mtoto ameshanyonya, nepi imebadilishwa, mwili hauna joto, na bado analia saa moja, mbili, tatu, magoti ameyavuta tumboni. Kwetu tunasema ana chango, na kila bibi mtaani ana dawa yake. Waingereza nao wana jina lao la hali hiyo, na wao pia wana dawa zao. Hata hospitalini sababu yake haijulikani barabara. Kinachojulikana ni kwamba huja yenyewe na huondoka yenyewe, mara nyingi mtoto anapofikisha miezi mitatu au minne.

Tuliweke akilini hilo la mwisho. Tatizo linaloondoka lenyewe ni mtaji mkubwa kwa anayeuza tiba. Mzazi akimpeleka mtoto kwa mtaalamu wiki ya kumi, mtoto akanyamaza wiki ya kumi na mbili, sifa zote ni za mtaalamu. Mzazi atawaambia wenzake. Mtaalamu mwenyewe ataamini kwamba ameponya, na mwaka ujao atakuwa na watoto mia wa kuwataja. Hapo hakuna aliyedanganya. Wote wameona kwa macho yao.

Kati ya mwaka 2008 na 2010 nchi ya Uingereza ilijikuta ikibishana juu ya watu wa namna hiyo. Mtu anapotangaza tiba, aulizwe nini? Aulizwe kama anaamini anachokisema, au aulizwe ana ushahidi gani mkononi? Kwa mbali maswali haya mawili yanafanana. Lakini la kwanza lilimpeleka mwandishi mmoja mahakamani kwa miaka miwili, na la pili lilifanya mamia ya matabibu wafute maneno yao wenyewe.

*

Matabibu hao ni wa kiropraktiki. Jina linatokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kazi ya mkono, na kazi yenyewe ndiyo hiyo: mgonjwa analala kifudifudi kwenye kitanda maalumu, tabibu anapapasa uti wa mgongo, kisha anausukuma kwa ghafla na kwa ustadi, mara nyingine viungo vikalia "ko!" kama vidole vinavyovunjwa. Ukiwauliza wengi walioenda huko, watakwambia walikwenda kwa sababu ya kiuno.

Lakini kiropraktiki haikuanza na kiuno. Ilianza na sikio.

Septemba 1895, mjini Davenport, jimbo la Iowa nchini Marekani, Daniel David Palmer alikuwa na ofisi ya tiba ya sumaku. Sumaku hiyo haikuwa ya chuma. Ilikuwa nguvu aliyoamini inatoka mikononi mwake. Katika jengo hilo alikuwapo mfanya usafi, Mmarekani mweusi aitwaye Harvey Lillard, ambaye usikivu ulikuwa umempotea kwa miaka 17. Palmer alisimulia kwamba alipompapasa mgongo alikuta pingili moja imejitokeza, akaisukuma mpaka ikarudi mahali pake, na Lillard akaanza kusikia. Binti wa Lillard alikuja kuisimulia habari hiyo kwa namna nyingine: kwamba baba yake alikuwa akipiga soga, Palmer akacheka na kumpiga kofi la mgongoni. Na waliosomea mwili wa binadamu wana swali lao, kwa kuwa neva ya kusikia hutoka sikioni ikaenda kwenye ubongo ndani kwa ndani ya fuvu. Haipiti mgongoni.

Mwaka 1897 Palmer alichapisha kijitabu cha kuitangaza tiba yake mpya, na ndani yake akaweka ushuhuda wa Lillard. Kwa hiyo kabla kiropraktiki haijawa na baraza, kitabu cha kiada wala mtihani, ilikuwa tayari na tangazo. Shule yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka huohuo. Kufikia 1910 Palmer alikuwa akifundisha kwamba asilimia 95 ya magonjwa yote yanatokana na pingili zilizohama mahali pake. Ukilikubali hilo, orodha ya unachoweza kutibu haina mwisho, kuanzia pumu mpaka moyo.

Mwanawe, Bartlett Joshua, aliyejulikana kwa herufi mbili tu, B.J., ndiye aliyeigeuza shule ya baba kuwa biashara kubwa. Aliamini matangazo kama alivyoamini mgongo. Kuta za shule zilichorwa misemo yake, mmojawapo ukiwahimiza wanafunzi walale mapema, waamke mapema, wafanye kazi kufa na kupona, na watangaze. Mwaka 1922 alijipatia kituo cha redio, enzi ambayo redio yenyewe ilikuwa bado muujiza.

Je, akina Palmer walikuwa matapeli? Swali hilo linavutia, na jibu lake si rahisi. Mwaka 1906 D.D. Palmer alitiwa hatiani kwa kutibu watu bila leseni. Alipewa nafasi ya kulipa faini, akachagua kwanza kwenda jela, na alikaa humo siku kadhaa kabla ya kulegeza msimamo. Tapeli wa kawaida hulipa faini akahamia mji mwingine. Mtu anayeingia jela kwa ajili ya pingili za mgongo huenda ana kiburi, huenda anatafuta umaarufu, lakini ni vigumu kusema haamini anachokifundisha.

Na wafuasi wake walikuwa na sababu za kujiona wanaonewa. Mwaka 1963 Chama cha Madaktari cha Marekani kiliunda kamati rasmi ya kupambana na matabibu kiliowaita walaghai, na kiropraktiki ndiyo iliyolengwa hasa. Kwa miaka mingi daktari aliyeshirikiana na mwanakiropraktiki alihesabiwa kuwa amevunja maadili ya kazi yake. Mwaka 1976 wanakiropraktiki wachache, wakiongozwa na Chester Wilk, walikishtaki chama hicho, na mwaka 1987 Jaji Susan Getzendanner aliamua kwamba madaktari walikuwa wamekula njama kinyume cha sheria ya ushindani wa biashara. Rufaa haikubadilisha hukumu hiyo.

Hukumu hiyo haikusema kwamba kiropraktiki inatibu pumu. Ilisema tu kwamba huwezi kuungana na wenzako kumfungia mshindani wako milango. Hata hivyo iliacha kumbukumbu: kila aliyeuliza "ushahidi uko wapi?" aliweza kuonekana kama mtoto wa wale wale waliotaka kuiua taaluma.

*

Uingereza ilifika kwenye swali la matangazo ya tiba kwa njia yake. Mwanafunzi yeyote wa sheria wa Dar es Salaam au Nairobi anamfahamu mama Louisa Carlill. Mwaka 1891 kampuni moja ya London ilitangaza kifaa cha kuvuta moshi wa dawa puani, ikaahidi kumlipa pauni 100 mtu yeyote atakayekitumia kwa maelekezo yake na bado akaugua mafua makali. Ili kuonyesha kwamba haitanii, ilisema imeweka pauni 1,000 benki. Bi. Carlill alikitumia karibu miezi miwili, akaugua. Mwaka 1892 Mahakama ya Rufani iliiamuru kampuni imlipe.

Kesi hiyo hufundishwa kama somo la mikataba. Kwa habari yetu, cha kuangalia ni lile ambalo mahakama haikulazimika kuliuliza: je, moshi ule unazuia mafua? Aliyeahidi alikuwa ameahidi, basi alipe. Kampuni nayo ilielewa somo vizuri. Ilitoa tangazo jipya lenye zawadi ya pauni 200 na masharti magumu zaidi.

Mwaka 1909 Chama cha Madaktari cha Uingereza kilitoa kitabu cha kufichua kilichomo ndani ya dawa za siri zilizotangazwa magazetini. Vidonge vya Beecham, vilivyokuwa maarufu nchi nzima, vilipochunguzwa vilikutwa na shubiri, tangawizi na sabuni. Bunge likaunda kamati. Kamati ikasikiliza mashahidi kwa miaka miwili, ikaandika ripoti ndefu, na ripoti ikatoka tarehe 4 Agosti 1914, siku ile ile Uingereza ilipoingia katika Vita Kuu. Ni rahisi kukisia ni wangapi waliisoma.

Baada ya hapo sheria zilikuja kipande kipande. Mwaka 1917 matangazo ya tiba ya magonjwa ya zinaa yalipigwa marufuku. Mwaka 1939 yakafuata matangazo ya tiba ya saratani kwa umma. Kisha mwaka 1962 wenye biashara ya matangazo wenyewe, wakihofia serikali itawawekea mkono mzito, walianzisha Mamlaka ya Viwango vya Matangazo, ambayo hujulikana kwa herufi zake, ASA. Si mahakama wala idara ya serikali. Haiwezi kumtoza mtu faini. Inapokea malalamiko, inamwandikia aliyetangaza, inatoa uamuzi na kuuchapisha.

Lakini kanuni zake zina sentensi moja yenye nguvu kuliko inavyoonekana. Anayedai jambo linaloweza kupimwa lazima awe na uthibitisho wake mkononi kabla ya kulitangaza. Kwa madai ya afya, uthibitisho huo, pale inapohitajika, ni majaribio yaliyofanywa kwa watu. Kanuni haiulizi kama unaamini. Haiulizi una wagonjwa wangapi wanaokushukuru. Inakwambia: fungua droo yako, tuone.

*

Turudi kwenye chango.

Kufikia 2008 kiropraktiki nchini Uingereza ilikuwa taaluma yenye heshima ya kisheria. Sheria ya mwaka 1994 ilikuwa imeunda Baraza Kuu la Kiropraktiki, na aliyejiita mwanakiropraktiki bila kusajiliwa alikuwa anatenda kosa. Kando ya baraza kulikuwa na vyama vya wanataaluma, kikongwe chao kikiwa Chama cha Kiropraktiki cha Uingereza, yaani BCA, kilichoanzishwa mwaka 1925. BCA iliwaambia wazazi kwamba wanachama wake wanaweza kusaidia watoto wenye chango, wasiolala, wasionyonya vizuri, wenye maambukizi ya masikio ya mara kwa mara, wenye pumu na wanaolia kupita kiasi.

Tarehe 19 Aprili 2008 gazeti la The Guardian lilichapisha makala ya Simon Singh. Singh ni mwanafizikia aliyegeuka mwandishi, mtoto wa wahamiaji kutoka Punjab, na wengi walimfahamu kwa kitabu chake kuhusu fumbo la hisabati la Fermat. Mwaka huo alikuwa ametoa kitabu kingine pamoja na profesa Edzard Ernst, wakipima ushahidi wa tiba mbadala. Katika makala yake alikitaja chama kwa jina, akayataja madai yale ya watoto, akasema hayana hata chembe ya ushahidi, na kwamba chama kinatangaza kwa furaha tiba ambazo ni "bogus".

Gazeti lilijitolea kukipa chama nafasi ya kujibu. Chama kilikataa. Kilimshtaki Singh kwa kashfa, yeye binafsi, bila kulishtaki gazeti.

Katika sheria ya kashfa ya Uingereza ya wakati huo, ambayo ndiyo mama wa sheria tulizorithi Tanganyika na Kenya, aliyeandika ndiye aliyebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba alichoandika ni kweli. Anayelalamika huanza akihesabiwa kuwa amesingiziwa. Tazama sasa jinsi mambo yalivyopinduka. Sentensi ni ileile, kwamba kiropraktiki inasaidia chango. Ingekuwa mbele ya ASA, anayeitangaza ndiye angeambiwa alete ushahidi. Mbele ya jaji wa kashfa, aliyeitilia shaka ndiye aliyeambiwa ajitetee.

Kabla ya jambo lolote, jaji alitakiwa kuamua lile neno moja lina maana gani. Jaribu kulitafsiri uone ugumu wake. Ukisema tiba "feki" au "bandia", umemgusa aliyeitengeneza. Noti bandia ina mtu aliyeichapa akijua anachofanya. Ukisema tiba "hewa", kama tunavyosema wafanyakazi hewa, umeashiria kuna mwizi anayepokea mshahara wao. Ukisema tiba "isiyofanya kazi", umezungumzia kitu tu, mwenye kitu umemwacha na moyo wake. Singh alisema maana yake ilikuwa karibu na hii ya tatu: kwamba tiba hazina ushahidi, na wanaozitangaza hawajali vya kutosha kuutafuta.

Mei 2009 Jaji David Eady aliamua vingine. Kwa maoni yake, msomaji wa kawaida angeelewa kwamba BCA inatangaza tiba ikijua hazifanyi kazi. Na akasema hayo si maoni bali ni dai la ukweli. Maana yake ni kwamba ili Singh ashinde, angepaswa kuthibitisha kwamba viongozi wa chama walikuwa wanadanganya kwa makusudi. Yaani athibitishe jambo ambalo yeye mwenyewe alisema hakulikusudia, na ambalo pengine halikuwa kweli. Swali halikuwa tena kuhusu watoto, wala ushahidi, wala chango. Lilikuwa kuhusu yaliyomo moyoni mwa watu wengine.

Nadhani hapa ndipo penye kiini cha habari yote. Sheria ya kashfa haikuwa na namna ya kusema jambo ambalo sote tunalijua kutokana na maisha: kwamba mtu mwema, mwaminifu, anayewapenda wagonjwa wake, anaweza kuuza kitu kisichofanya kazi maisha yake yote. Ilitaka awepo tapeli ama asiwepo. Kama hakuna tapeli, basi aliyeuliza ndiye mkosaji.

*

Chama kilishinda raundi hiyo, na ushindi ndio uliokiponza. Watu ambao hawakuwahi kuisikia makala wakaitafuta. Wanasayansi, waandishi na wachekeshaji walitia saini tamko la kutaka sheria ya kashfa isiingizwe katika mabishano ya sayansi, na jarida la madaktari la BMJ likaandika kwa mwelekeo huohuo.

Juni 2009 BCA ilitoa orodha ya machapisho 29 ikisema ndiyo ushahidi wake. Ndani ya saa chache watu waliozoea kusoma tafiti walianza kuichambua hadharani. Baadhi ya machapisho hayakuhusu kiropraktiki kabisa. Mengine hayakuwa na kundi la kulinganishia, yaani watoto wa aina hiyohiyo ambao hawakupewa tiba ile. Na kwa ugonjwa unaoisha wenyewe, bila kundi la kulinganishia hujapima kitu. Umehesabu siku tu.

Wengine walikwenda mbali zaidi. Kanuni za maadili za Baraza Kuu la Kiropraktiki zilikuwa na kipengele kilicholala kimya: mwanakiropraktiki anaweza kujitangaza mradi tangazo lake lifuate sheria na miongozo ya ASA. Wakati huo ASA yenyewe haikuwa na mamlaka juu ya madai mtu anayoyaweka kwenye tovuti yake mwenyewe. Lakini kipengele kile cha baraza hakikubagua tovuti na karatasi. Basi raia wachache, wakiwa na kompyuta na subira, walianza kufungua tovuti za wanakiropraktiki moja baada ya nyingine, wakinakili kila palipoandikwa chango, pumu au masikio, na kupeleka malalamiko kwenye baraza. Kwa miezi michache yalizidi 500. Takriban mmoja kati ya kila wanakiropraktiki wanne nchini alijikuta amelalamikiwa.

Mwezi huohuo wa Juni chama kingine, cha wanakiropraktiki wa mkondo wa McTimoney, kiliwatumia wanachama wake barua pepe ya siri, na siri ikavuja. Iliwaambia wazizime tovuti zao mara moja, waondoe vipeperushi vyenye madai ya chango na mengineyo yasiyo na ushahidi, na wasijiite madaktari mahali ambapo mtu anaweza kudhani ni madaktari wa hospitali.

Nikiisoma habari hiyo leo, ninawafikiria waliopokea barua ile. Naamini wengi wao hawakuwa wakorofi. Ninamwona mmoja, katika mji mdogo, kitandani pake pa kazi pamepita watoto kwa miaka ishirini, ukutani kuna kadi za shukrani za wazazi. Sasa anaambiwa afute aya moja kwenye tovuti yake kabla ya jua kuzama. Hakuna aliyemwonyesha kwamba amemdhuru mtoto yeyote. Ameulizwa swali moja tu, na amegundua kwamba katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza: umejuaje?

*

Tarehe 1 Aprili 2010 Mahakama ya Rufani, chini ya majaji watatu wa ngazi ya juu kabisa akiwemo Jaji Mkuu wa Uingereza, iliutengua uamuzi wa Eady. Kusema kwamba madai fulani hayana ushahidi wa maana, walisema, ni maoni kuhusu uzito wa ushahidi, na maoni ya dhati yana kinga. Walikumbusha jinsi mshairi John Milton alivyomtembelea Galileo, mzee aliyefungwa kwa kufikiri tofauti kuhusu nyota, na walionya kwamba mahakama ikikubali kazi ya aina hii itageuka kuwa wizara ya ukweli kama ile ya riwaya ya George Orwell. Tarehe 15 Aprili BCA iliiondoa kesi yake. Singh alisema gharama za pande zote zimefika pauni 200,000, na fedha zote hizo zilitumika kubaini maana ya maneno machache tu.

Kilio cha kesi hiyo kilichangia kuzaliwa kwa Sheria ya Kashfa ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika England na Wales Januari 2014. Sasa anayelalamika huanza kwa kuonyesha kwamba amepata madhara makubwa, na yanayoandikwa katika majarida ya kitaaluma yaliyopitiwa na wataalamu yana kinga yake.

Hayo ndiyo yanayokumbukwa. Kuna upande wa pili ambao haukutengenezewa filamu. Baraza Kuu la Kiropraktiki liliagiza tathmini ya ushahidi wote uliokuwepo, na ripoti ikatoka Februari 2010. Kwa maumivu ya kiuno, ya shingo na aina fulani za maumivu ya kichwa, tiba ya mikono ilikuwa na kitu cha kuonyesha. Kwa chango na pumu, haikuwa nacho. Mwezi Mei baraza lilitoa tamko kuhusu msingi wenyewe wa Palmer: pingili iliyohama kama chanzo cha magonjwa ni wazo la kihistoria, na hakuna utafiti wa tiba unaoruhusu kudai kwamba husababisha maradhi. Taaluma iliyoanza na sikio la Harvey Lillard ilikuwa inaandikiwa na baraza lake yenyewe kwamba isirudie tena hadithi ile kama dai.

Kisha tarehe 1 Machi 2011 mamlaka ya ASA yalipanuliwa hadi kwenye tovuti za watangazaji wenyewe. Mlango waliotumia wale wenye kompyuta na subira ukawa mlango rasmi. Leo mwanakiropraktiki wa Uingereza anaweza kutangaza kwamba anatibu maumivu ya kiuno. Anaweza kusema anapokea wazazi na watoto. Hawezi kutangaza kwamba anatibu chango, kwa kuwa ushahidi haujatosha. Akitumia neno "Dokta" mbele ya jina lake, inabidi aeleze wazi kwamba si daktari wa tiba. Asipofuata, hapelekwi jela kama Palmer. Uamuzi dhidi yake unachapishwa, na baraza lake linausoma.

Ni utaratibu wa kuchosha, wenye fomu na barua. Hauna Galileo wala Milton. Lakini ukiupima kwa upande wa yule tabibu wa mji mdogo, nadhani una utu kuliko mahakama. Haumwiti mwongo. Hauchungulii moyoni mwake. Unamwachia kadi zake ukutani na imani yake kifuani, unamtaka tu asiiuze imani hiyo kwa mtu ambaye hajalala siku tano kana kwamba ni jambo lililokwisha pimwa.

Kwetu, ukitoka kituo cha daladala na kutazama nguzo ya umeme, utakutana na karatasi yenye namba ya simu na orodha: presha, kisukari, vidonda vya tumbo, uzazi, mapenzi, na mtoto anayelia usiku. Mabishano yetu juu ya karatasi hizo huwa hayachelewi kufika kwenye swali la tapeli. Mmoja anasema wote ni wezi, mwingine anasema bibi yake aliponea huko, na wote wawili wanakwenda nyumbani wakiwa walivyokuja. Labda tunauliza swali la Jaji Eady.

Mzazi aliyesimama mbele ya nguzo ile saa tatu usiku, mtoto mgongoni, hana haja ya kujua kama aliyebandika karatasi ni mtu mbaya. Ana haja ya kujua jambo moja: wangapi walipewa, wangapi hawakupewa, na ni akina nani walionyamaza kwanza.